Sikio la Kulia la Tembo wa Kunduchi

Nyie mabinti mliokuja kwangu juzi kuniuliza habari za kazi, kwanza asanteni kwa zile ndizi. Pili, mlinichosha. Mliingia na simu mikononi, mkapiga picha mkeka wangu, mkapiga picha brashi zangu za kuchania sufu, mkapiga picha vidole vyangu vilivyopinda kama tangawizi, mkapiga picha hadi kopo la majarini lililoko juu ya kabati. Halafu yule mrefu mwenye miwani akasema, "Bibi, tuandikie basi kumbukumbu zako, sie tutazisoma kikundini." Nikasema sawa. Kidato cha nne nilimaliza, kuandika naweza, na kutoka nje sipendi. Kazi ya kukaa ndani na kalamu inanifaa kuliko zote nilizowahi kupewa.

Ila mjue mapema kwamba hadithi tamu hamtapata. Mtapata namna ya kumtengeneza mnyama kwa sufu, maji ya moto na sabuni, kwa sababu hilo ndilo mlilotaka nyie. Na mtapata habari ya tembo mmoja aliyeko hotelini Kunduchi, na sikio lake la kulia, kwa sababu hilo ndilo ninalotaka mie. Asiyetaka la tembo aishie kwenye sabuni.

Mie ni mtu wa ndani. Watu wa mtaani kwangu hapa Mbagala wanajua, wananitania kwamba jua likinitaka linipigie hodi. Kazi ya sufu niliikubali kwa sababu karakana ilikuwa nyuma ya nyumba yangu, ukuta kwa ukuta. Ningeweza kwenda na ndala, na maharage yangu yakianza kuungua harufu ningeisikia kazini. Mengine yote sikuyajua. Sikujua hata sufu ni nini. Kondoo wa huku kwetu ukimnyoa unapata aibu tu, ana vinywele kama vya mbuzi. Sufu yetu ilikuja kwa marobota kutoka huko juu kwenye baridi, ikiwa na majani, miba na harufu ya mnyama aliyenyeshewa. Na sie tukaikalia na sufuria za maji ya moto, kwenye joto hili la Dar, tukitengeneza kitu ambacho kwenye nyumba zetu hakuna aliyekihitaji.

Mwenye karakana alikuwa mama mmoja tuliyemwita Madam. Alikaa Msasani, na duka lake lilikuwa hukohuko. Wageni walinunua kwake twiga, viboko, bata na kondoo wadogo wa sufu wa kuweka mezani, wakawatia kwenye masanduku, wakapanda nao ndege. Kwenye kila mnyama kulifungwa kikaratasi kinachosema ametengenezwa na akina mama. Akina mama gani, hakikusema. Ungedhani tulikuwa aina ya mashine.

Aliyetufundisha ni Bi Somoe. Mwanamke wa Lindi, mfupi, mtandio hauanguki hata akiinama, mdomo wembe. Marehemu mumewe alikuwa mchonga vinyago, na Bi Somoe alikaa ndoa nzima pembeni ya gogo akitazama mnyama anavyotoka. Alituambia, "Mume wangu alikuwa anaondoa kisichotakiwa. Sie hapa hatuondoi kitu. Tunakibana mpaka kikubali."

Siku yangu ya kwanza alinipa bata. Mie nikajiona mjuzi, nani hajui kufua? Nikakwangua sabuni ya mche nusu mche, nikakoroga maji mpaka povu likapanda, nikamimina juu ya sufu, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Sufu ikateleza. Kila nilipoisukuma ikakimbilia upande wa pili, kama kambale. Jioni nilikuwa na kitu cha kijivu chenye mikunjo na mashimo.

Bi Somoe akakiinua kwa vidole viwili. "Hii nini?"

"Bata, Bi Somoe."

"Bata wa wapi? Hii soksi ya mlinzi."

Salome, aliyekaa meza ya jirani na ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, akadakia, "Muacheni Mama Povu, anamwogesha bata kabla hajazaliwa." Tangu hapo nikawa Mama Povu. Hata msibani kwa mume wangu kuna aliyenipa mkono akasema, "Pole sana, Mama Povu."

Basi sikilizeni, nyie wa kujifunza kwenye simu. Sabuni kidogo. Maji yateleze mkononi, lakini povu likionekana tu umeshazidisha. Sufu unaichana kwanza kwa brashi mbili, halafu unaichomoa kwa nyoya nyembamba, unaitandaza tabaka la kwanza limelala hivi, la pili limelala kinyume, kama mkeka unavyosukwa. Nyembamba, nyembamba tena. Mwenye haraka anaweka fungu nene mara moja, anapata nje kumeshikana na ndani kuna uji. Ukishatandaza, funika na kipande cha chandarua. Kile cha mbu, cha zamani, kilichotoboka. Kipya kigumu mno. Chandarua kinaizuia sufu isikimbie. Nyunyiza maji ya moto, yale ya kumwogeshea mtoto ila mtoto alie kidogo.

Mwanzo usisugue. Papasa, kama unampaka mtoto mafuta. Utajisikia mjinga, unapapasa tu na hakuna kinachotokea. Endelea. Ukiona nyoya za sufu zimeanza kushikana, ongeza mkono. Halafu ongeza tena. Mwisho unaiviringisha kwenye mkeka, unaibamiza mezani kama unafua jinzi la fundi gereji. Namna ya kujua imeiva: finya juu kwa kucha. Unywele ukiinuka peke yake, bado. Ikiinuka ngozi yote, tayari.

Na sufu inanywea. Jamani, inanywea. Ukitaka bata wa saizi ya ngumi, anza na bata wa saizi ya kichwa. Salome aliwahi kukata kiolezo cha twiga kwa urefu uleule aliotaka Madam, eti kwa nini ajisumbue. Alipomaliza kumbana, twiga akawa na shingo iliyozama mabegani, kama ya mtu anayekosewa adabu. Madam akamuuza Msasani kama punda, na mgeni alimsifu sana.

Kukausha ndiko kulikotutia wazimu. Kiangazi tuliwaanika juu ya bati, na kunguru wakawa wanawashukia. Kunguru wa mji huu haogopi mtu. Niliwahi kumwona mmoja ameruka na kiboko mzima mdomoni kuelekea kituo cha Zakhem, sie chini tunapiga makelele na mafagio kama tumeibiwa mtoto. Masika ndiyo mbaya zaidi. Mnyama alikaa wiki bila kukauka, akaota ukungu mweupe, karakana ikanuka zizi. Tuliwapanga kuzunguka jiko la mkaa, tukawa tunawageuza kama mahindi.

Sasa nisikilizeni kwenye viungo, kwa sababu huku ndiko sikio liliko.

Mguu, mkia, sikio, vyote unavitengeneza pembeni. Lakini ile ncha itakayoungana na mwili huilowanishi. Unaiacha kavu, nywele zake zimesimama wazi. Sie tuliziita ndevu. Na mwili nao, pale pa kuungia, hupabani mpaka mwisho. Unapaacha nusu njia. Halafu unazitandaza zile ndevu juu yake, unaongeza sufu nyembamba, maji, sabuni, unapapasa, na vile vitu viwili vinaingiliana mpaka vinakuwa kitu kimoja. Hakuna uzi wala gundi. Unaweza kumnyanyua mnyama mzima kwa sikio. Lakini ndevu zikishalowana na kubanwa zenyewe, basi tena. Hazina cha kushikia. Ni kama mtu aliyekwisha kufumba ngumi, utamshikaje mkono?

Na jambo la mwisho, hili hamtaliona kwenye simu. Bi Somoe kabla hajamfunga mnyama tumboni alikuwa anachomoa kinyoya kimoja kwa vidole viwili. Kile kinyoya anakiweka katikati kabisa ya mnyama anayefuata, ndipo anaanza kuzungushia sufu mpya. Alikiita kitovu. Kila mnyama aliyetoka pale alikuwa na kitovu cha mwenzake aliyemtangulia. Nikamuuliza kwa nini.

"Ili wajuane," akasema, akaendelea na kazi.

Kilichomuuma Bi Somoe ni kwamba wanyama wake wote waliondoka. Hakuwahi kumwona hata mmoja mara ya pili. Mumewe vinyago vyake vilibaki, kimoja kipo hadi leo kwa shemeji yake Lindi, kinazuia pazia lisipeperuke. Lakini wa kwake yeye walipanda ndege. "Nimezaa kama samaki," alikuwaga anasema, "na wote wamekwenda na maji."

Kwa hiyo Madam alipokuja na habari kwamba hoteli mpya ya ufukweni kule Kunduchi inataka tembo wa sufu wa kuweka mapokezi, mkubwa kama ndama, sie wengine tulipiga vigelegele. Bi Somoe alivuta kigoda akakaa.

"Huyu hapandi ndege," akasema.

"Hapandi," nikamjibu.

"Atabaki hapahapa mjini."

"Labda hoteli ihame."

Akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo. "Nitamleta binti yangu na wajukuu kutoka Lindi. Nitawaambia, msalimieni kaka yenu mkubwa."

Hicho ndicho alichotaka, mabinti. Hakuomba jina lake liandikwe popote, wala hakuomba nyongeza. Alitaka mnyama mmoja tu wa mikono yake anayeweza kwenda kumwona, amkute mzima, na masikio yake yote mawili.

Tulimtengeneza pamoja. Kiolezo tulikata kwenye kapeti la plastiki lililotolewa sebuleni kwa mtu. Tuliunganisha meza zote, tukafunika na chandarua cha kitanda kikubwa, tukanyunyiza maji kwa ndoo iliyotobolewa misumari. Mkonga tuliuzungushia mpira wa kumwagilia maua. Ilipofika kumbana tulimviringisha kwenye mkeka kama maiti, Mungu anisamehe, tukawa tunamsukuma kwa viwiko huku na huku, tunaimba taarabu, jasho letu na sabuni vinachuruzika pamoja. Mie mtu wa ndani nilikuwa natoka kwangu alfajiri bila kuitwa.

Masikio Bi Somoe alisema ni yake mwenyewe, mtu asiguse. Sikio la tembo ni jembamba na pana, ukikosea hesabu ya kunywea kwake linajikunja kama jani la mgomba kwenye moto. Alianza na la kushoto. Alilitandaza, akalipapasa, akaacha ndevu kavu ndefu kama kiganja, akaliunganisha kwenye kichwa kilichoachwa nusu njia. Lilipokauka kidogo alilishika akavuta, na tembo mzima akasogea mezani. Tulipiga makofi. La kulia alilitandaza kesho yake, akalipapasa mpaka likaanza kushikana, ndevu zake kavu, mwili unalisubiri. Ilibaki kuliunganisha tu.

Mchana huo Madam akaingia na viatu vyake vya kisigino, akikwepa madimbwi ya sabuni.

"Ufunguzi umewahishwa. Wanamtaka kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi hana sikio," Bi Somoe akasema bila kuinua kichwa.

"Si hili hapa anavaa?"

"Hilo moja. Tembo wa sikio moja ni kikombe."

Tulicheka, na Madam hakupenda. Akalitazama la kulia pale mezani. "Hili linahitaji nini? Kubanwa tu? Mashine yangu ya kufulia nyumbani inabana kitu kwa muda mfupi kuliko nyie wote." Na kabla Bi Somoe hajanyanyuka, Madam alishalikunja sikio kwenye mfuko wa nailoni na ndevu zake zote, akatoka.

Nakumbuka Bi Somoe alisimama mlangoni akaita, "Madam! Madam, ndevu!" Dereva alidhani ni matusi.

Asubuhi lilirudi. Sikio lililoondoka pana kama sinia lilirudi saizi ya kisahani, nene, gumu, limejikunja pembeni kama chapati ya jana. Bi Somoe aligeuza huku, akageuza huku. Ndevu zilikuwa zimejifunga zenyewe kwa zenyewe, hakuna hata unywele mmoja uliosimama.

"Limekufa," akasema.

"Kuna gundi kwenye gari," Madam akasema. "Ya viatu. Haibanduki."

"Nipe leo tu. Nitandaze lingine. Kichwa bado kina unyevunyevu, bado kitalipokea. Leo tu, Madam."

"Bi Somoe, gari liko nje na watu wananisubiri. Nani ataangalia sikio?"

"Mie nitaliangalia," Salome akasema kutoka nyuma. Madam alijifanya hajasikia.

Mie nilipewa kazi ya kujaza tumbo na kulishona, na nilishona kwa mishono mirefu ya haraka, ile ya kushonea gunia, huku dereva akipiga honi. Madam mwenyewe ndiye aliyebandika sikio, ameshika kichupa kwa vidole vyenye rangi ya kucha. Wanaume wakambeba tembo wakampandisha kwenye pikapu. Na hapo Bi Somoe akakumbuka. Kitovu. Hakuna aliyechukua kitovu. Akatoka mbio, mwanamke wa umri ule, na mkono wake mbele, vidole viwili vimebanana tayari kuchomoa. Gari likaondoka. Alibaki amesimama barabarani na vile vidole hewani, wapita njia wanadhani anasimamisha bajaji.

Akarudi ndani, akanawa mikono, akakunja chandarua. Hatukufanya kazi siku hiyo.

Baada ya hapo aliendelea kuja, lakini aliwaanzisha wanyama bila kitu katikati. Salome alimtania, "Bi Somoe, hawa wa siku hizi hawana ukoo?" Hakujibu. Na Bi Somoe kutojibu utani ni kama muadhini kukosa sauti.

Mwishowe akaniambia, "Povu, twende Kunduchi."

"Mie? Kunduchi? Huko si karibu na Bagamoyo?"

"Twende, mvivu we. Nataka kuona kama limeshika."

Tukavaa vizuri. Yeye alitoa gauni la Idi, mie nilivaa viatu vilivyonibana tangu kituo cha Rangi Tatu hadi tunafika. Tukavuka jiji zima, tukateremka juani, tukauliza njia kwa wauza samaki mpaka tukaliona geti. Mlinzi alikuwa kijana mstaarabu, hilo simnyimi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Bi Somoe akasema. "Nimekuja kumwona tembo wangu."

Kijana akanitazama mie kama naongozana na mgonjwa. "Bibi, tembo wako Mikumi. Huku kuna samaki."

"Wa sufu. Yuko mapokezi. Nimemtengeneza mie."

"Aa. Mna buking?"

"Tuna nini?"

"Chumba. Au mmealikwa?"

Nikamweleza. Akaita ndani kwa redio yake, tukasikia sauti inauliza ni akina mama gani, naye akajibu, "Wa sufu." Sauti ikacheka, ikasema meneja hayupo. Mlinzi akatuomba radhi, halafu akasema tusogee kidogo, kuna gari linaingia. Tukasogea. Geti likafunguka, na kwa muda wa gari kupita tuliona ngazi, vioo, na nyuma ya vioo kitu kikubwa cha kijivu. Likafungwa.

"Umemwona?" Bi Somoe akanishika mkono.

"Nimemwona."

"Sikio je?"

"Lipi?"

"La kulia, mjinga we!"

"Bi Somoe, mie nimeona matako."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka, nikawa namfuta uso kwa kanga mbele ya mlinzi, naye kijana wa watu anatazama viatu vyake. Tulipofika kwangu akasema, "Wewe bado una miguu. Siku yoyote ukiingia mle, mwangalie sikio." Haukupita muda akarudi Lindi kwa binti yake, na alikufa hukohuko. Binti yake alinipigia simu. Hao wajukuu hawajamwona kaka yao hadi leo.

Yaliyofuata karakanani nitayasema haraka. Madam alileta mashine ya kufulia Mbagala. Tukawa hatubani tena, tunalisha mashine. Salome alisema hakuzaliwa kuwa dobi, akaondoka. Wanyama wakawa wagumu na wote wa sura moja, kama wamepigwa kofi na mtu yuleyule. Halafu hata mashine ikaonekana inachelewa, wakawa wanakuja wanyama tayari kwenye maboksi kutoka ng'ambo, kazi yetu ikabaki kuwafungia kile kikaratasi cha akina mama. Mie nilifunga vikaratasi mpaka vidole vikakataa. Siku naondoka nilipewa keki na fulana. Fulana ilikuwa na picha ya tembo.

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka na Salome. Nilishawaambia, karakana ilikuwa nyuma ya nyumba.

Sasa mwaka jana mpwa wangu alifanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, na familia ya mume ni ya watu wenye nazo, ukumbi ukawa palepale Kunduchi. Tulishonewa sare, kitenge cha dhahabu kinachowasha shingo. Nilipofika getini mlinzi, mwingine huyu, mtu mzima, alinipigia saluti. Hakuniuliza chumba wala mwaliko. Nilitamani kumwambia aniulize.

Mapokezi tembo hakuwepo. Palikuwa na maua ya plastiki. Nikazunguka, watu wanadhani natafuta choo, na kweli nilimkuta mlangoni mwa choo cha wanawake. Tembo wetu. Amefifia, mgongoni wamemwekea chungu cha ua. Kifuani ana kibao cha shaba kimeandikwa jina la Madam, na chini yake neno "Msanii". Ubavu wake wa kulia umegeuziwa ukutani.

Nikamshika sikio la kushoto, la Bi Somoe. Nikavuta. Mwili mzima ulisogea, chungu kikacheza. Miaka yote hiyo, na halikuachia hata unywele.

Nikapenyeza kichwa upande wa ukuta. La kulia halikuwepo. Palikuwa na baka la gundi, rangi ya kahawia, gumu kama kucha.

"Mama, unatafuta kitu?" Alikuwa mhudumu, binti wa umri wenu, sinia mkononi.

"Sikio lake liko wapi, mwanangu?"

"Aa, lile? Lilidondoka zamani. Lipo." Akaelekeza kwa mguu. Lilikuwa chini ya mlango wa choo, limeuzuia usijifunge. "Linafaa sana," akasema. "Gumu."

Nikamwomba maji ya moto na sabuni. Aliniletea maji ya moto kwenye kikombe, na kipande cha ndimu pembeni, sabuni akasema iko sinkini. Nikachovya kidole, nikadondosha maji juu ya lile baka. Yaliviringika yakaanguka sakafuni. Nikadondosha tena. Sufu iliyonywa gundi hainywi maji. Hata Bi Somoe angefufuka na robota zima la sufu, pale pasingeshika kitu.

Basi nikainama, na magoti yangu haya, nikatafuta chini ya tumbo. Mishono yangu ya gunia ilikuwa palepale, mibaya vilevile, nikaingiza vidole viwili katikati yake, nikachomoa.

"Mama," yule binti akasema kwa upole, "hairuhusiwi kumgusa."

"Simgusi. Namkuna tu."

Ukumbini nilikaa na ngumi nimeifumba, hata wakati wa kulishana keki. Watu wakasema shangazi amepandwa na hasira. Nilikula wali kwa mkono wa kushoto, mnisamehe.

Hicho kinyoya ninacho, kimo kwenye kopo la majarini. Ni kitovu cha tembo, na ndani yake kuna cha kiboko, na cha twiga, na cha bata, hadi wa kwanza aliyeanzishwa na Bi Somoe kabla mie sijaijua sabuni. Nikishika sufu sasa hivi vidole vyangu havikazi, vinaangusha hata sindano, mnyama siwezi tena. Niliposikia mabinti wa sufu mnakuja, nilioga mapema, nikachemsha maji, nikaweka sabuni ya mche mezani, nikalitoa kopo la majarini kabatini nikaliweka juu mahali penye mwanga. Nikasema nisiwaanze, ngoja waulize wenyewe.

Mlilipiga picha. Mmoja akasema rangi yake inapendeza na ukuta. Hakuna aliyelifungua.